Kitinda na Jina la Mashua Yake

Ukimwuliza mtu yeyote pale gatini Kitinda ni nani, atacheka kwanza ndipo akujibu. Hilo peke yake limenichosha kwa miaka mingi. Watu wa nyumba aliyozaliwa hawakuzoea kuchekwa. Baba yao alikuwa nahodha. Marehemu mume wangu alikuwa nahodha na mwenyekiti wa baraza la walei, na mashua yake ilipoingia bandarini watu walisimama kuitazama. Kitinda ni mdogo wake wa mwisho, kitindamimba aliyefupishwa hadi likabaki hilo jina. Analo la ubatizo, jina zuri alilopewa na babu yake, lakini halikutumika ila siku ya ubatizo, siku ya kipaimara na siku ya ndoa, na siku ya ndoa padri alilazimika kulirudia kwa sababu mwenyewe alidhani anaitwa mtu mwingine.

Niliolewa nikamkuta bado anasoma. Alikuja kukaa kwetu na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa karibu na shule, na kwa kuwa wakwe zangu waliamini kwamba mtoto akilala chini ya paa moja na mwalimu elimu itamwingia hata usingizini. Haikumwingia. Nilimweka dawati la mbele, akahamia la dirishani. Nikamrudisha mbele. Siku moja niligeuka kuandika ubaoni, na nilipowageukia tena wanafunzi dawati lilikuwa tupu na dirisha liko wazi. Jioni mume wangu alirudi naye kutoka baharini, amelowa chapachapa, amebeba kikapu cha samaki begani kama mtu aliyefanya jambo la maana.

"Kaka kanikuta njiani," alisema.

Njia gani hiyo inayopita baharini, sijaambiwa mpaka leo.

Basi akawa baharia wa kaka yake, na mimi nikabaki na kazi ya kuwaeleza watu kwa nini mdogo wa nahodha, aliyelala kwa mwalimu, hakumaliza shule. Kazi yake baharini sikuwahi kuisikia ikilaumiwa. Nchi kavu ndiko alikokuwa msiba. Ukimtuma msumari, atarudi na habari. Mlango wangu wa uani aliuondoa ili aunyooshe, ukaegemea ukutani mpaka kuku wakazoea kulala nyuma yake. Ukimwambia neno hujibu, "Nimesikia, shemeji," na kusikia kwake ndiko huko huko, hakuendi mbele zaidi. Kwenye misiba huchekesha waliofiwa. Siku ya arobaini ya baba yake mwenyewe alimfanya katekista acheke hadi akaweka kitabu chini. Nilimwuliza mume wangu mtu huyu amemrithi nani. Akasema, "Mwache, anaondoa chumvi mdomoni." Sikuelewa, na sikutaka kuelewa.

Mume wangu alipougua na kutuacha, mashua yake nayo ilikuwa imechoka. Mbao zilikwisha kulika, ikavunjwa. Tangu hapo Kitinda alifanya kazi kwenye mashua za watu, mtoto wa manahodha akivuta kamba za wengine, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi ndiye niliyeumia. Yeye alisema, "Kamba ni kamba, shemeji. Haiulizi baba yako nani." Nilikuwa nikipita gatini kwenda kanisani najifanya simwoni, naye ananiita kwa sauti ya kuvuka bandari nzima, "Shikamoo, shemeji," ili kila mtu ajue kwamba yule mwenye fulana iliyochanika kwapani ni wetu.

Ndipo akapata mashua. Ilikuwa gofu la mashua, limepinduliwa nyuma ya ghala la barafu, na watoto walikuwa wakichezea chini yake kana kwamba ni nyumba. Aliliomba kwa mwenyewe, akapewa, akaanza kulitengeneza. Alitengeneza kwa muda mrefu kiasi kwamba watu waliacha kuuliza itakwisha lini. Mke wake, ambaye ana meza ya samaki sokoni, aliuza viti vyake vya sebuleni ili wapate injini. Nilipokwenda kumjulia hali alinikaribisha nikae juu ya kreti la soda, akalifuta kwanza kwa kitambaa, kwa adabu zote, kana kwamba ni kochi. Televisheni ilikuwa imekaa sakafuni.

Kwa hiyo, mtu anielewe. Sikuwa na nia mbaya na mashua ile. Nilitaka ielee kuliko mtu yeyote. Kitinda alikuwa na mvi tayari, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na chombo chake mwenyewe. Sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa parokia, ikifika angepita mbele ya Mtakatifu Petro akiwa ameshika usukani, kama walivyopita baba yake na kaka yake. Kilichobaki kilikuwa jina, na jina nilikwisha kumpa mimi. Mashua ya mume wangu iliitwa Nyota ya Bahari. Hii nayo iitwe Nyota ya Bahari, watu wajue nyumba haijafa.

"Nimesikia, shemeji," alisema.

Hapa lazima nieleze jinsi sikukuu yetu inavyokwenda, maana padri mpya mwenyewe ilimchukua muda kuielewa. Parokia ni ya wavuvi na somo wake ni Petro. Asubuhi kuna misa, kisha sanamu hubebwa mabegani kutoka kanisani hadi gatini, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, inatazama maji. Mashua hupita moja moja mbele yake. Msomaji husimama kando ya padri na kipaza sauti, akasoma jina lililoandikwa omo, pale mbele kabisa ya mashua. Mabaharia wakisikia jina lao huitika kwa pamoja, "Tupo," na hapo ndipo padri anarusha maji ya baraka. Jina lisiposomwa kama lilivyoandikwa, hawaitiki. Wasipoitika, maji hayarushwi, na mashua inazunguka kurudi mwisho wa foleni. Na mashua isiyoitikiwa mbele ya Petro hakuna baharia atakayeipanda mwaka huo. Padri alihubiri Jumapili nzima kwamba huo si utaratibu wa Kanisa. Wakamsikiliza kwa heshima, wakaendelea nao.

Msomaji ni mimi. Nimekuwa msomaji tangu mume wangu alipokuwa hai, kwa sababu natamka vizuri na sibabaiki.

Wiki ya sikukuu nikashuka nyuma ya ghala la barafu kuitazama mashua. Ilikuwa imepakwa rangi ya samawati, safi kabisa, na kwa kweli nilifurahi. Nikazunguka mbele. Kwenye omo, kwa herufi za manjano zenye kivuli chekundu, kazi ya mchoraji anayejua kazi yake, paliandikwa SHEMEJI KANUNA.

Nilisoma tena, maana mtu aliyesoma husoma tena kabla ya kulaumu. Ilikuwa ni hivyo hivyo.

"Hiki ni nini?" nikamwuliza.

"Jina," Kitinda akasema. Alikuwa amechuchumaa, anasafisha brashi.

"La nani?"

"La mashua, shemeji. Kwani nimeandika kwenye ukuta wa kanisa?"

Mabaharia wake, wengi wao waliowahi kuvuta kamba kwa mume wangu, walikuwa upande wa pili wakiziba nyufa za mwisho. Mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Tulikubaliana Nyota ya Bahari."

"Wewe ulikubaliana."

"Na nani?"

"Hapo ndipo na mimi nimekuwa nikijiuliza."

Nikapumua kwanza. "Kitinda, una mashemeji wa kike wangapi?"

"Wewe tu. Mungu alinihurumia."

"Basi aliyenuna ni nani?"

Akatazama jina, akanitazama mimi, kama mtu anayelinganisha nguo na jora la kitambaa dukani. "Shemeji, mashua haina nia mbaya. Mbao zinajua nini?"

"Futa."

"Rangi mbichi. Ukiifuta sasa inachafua pote."

"Basi ikikauka."

"Ikikauka haitoki. Ni rangi nzuri, ya mafuta."

"Hata Petro alibadilishwa jina," nikamwambia. "Alikuwa Simoni. Hakukaa kubishana kuhusu rangi."

"Alibadilishwa na Bwana, shemeji. Siyo na shemeji yake." Wale upande wa pili sasa walikuwa wanacheka waziwazi. "Na Petro alikuwa na mama mkwe ndani ya nyumba, kwa hiyo mambo haya anayaelewa."

Nikamwuliza kwa upole, kadiri nilivyoweza, kwa nini jina hili kati ya majina yote. Hapo akaacha kucheka. Akageuza brashi mkononi. "Siwezi kukuambia. Nilifungwa kwa ahadi, na aliyenifunga hayupo wa kunifungua."

Nikaona ni yale yale, mlango wa uani mwingine umeegemezwa ukutani. Nikaondoka.

Nikaenda kwa mke wake sokoni. Alikuwa akipara magamba ya samaki mkubwa, yanaruka hadi kwenye mikono ya gauni lake. Nilisimama mbali kidogo na meza.

"Karibu, dada. Sogea, hayaumi."

"Mwambie mumeo afute lile jina."

"Nimwambie mimi?" Akageuza samaki upande wa pili. "Dada, mimi ni mke tu. Wanaolitaka ni mabaharia. Wamesema ni jina hilo, la sivyo wanakwenda kwa yule jamaa mwenye boti mpya, maana amewaita. Hata maana yake siijui. Nikiuliza wanatazamana kama watoto walioiba sukari."

"Kwa hiyo mimi nitukanwe mbele ya parokia."

"Kununa ni tusi?" Kisu kikasimama. "Viti vyangu vimekwenda, dada. Wageni wanakaa kwenye kreti. Mashua haiendi na mtu mmoja. Wale wakiondoka, yeye anarudi kuvuta kamba za watu, na safari hii hatacheka. Nimelala naye miaka yote hii, namjua. Na halafu, bila kukukosea heshima, wewe hununi?"

"Sinuni. Nina uso wa kazi."

"Haya."

Mwuza uduvi wa meza ya jirani akainamisha kichwa karibu akiingize ndani ya ndoo.

Nikaenda kwa Padri. Ofisi yake ni chumba kidogo chenye feni isiyozunguka, maboksi ya mishumaa na kiti kimoja cha mgeni ambacho mguu wake mmoja ni mfupi. Nilikaa wima nisiyumbe, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Ni kijana, lakini ana tabia ya kusikiliza.

"Mama Mwalimu, nimeshaliona jina lenyewe," akasema. "Halina tusi. Halina ushirikina. Mwaka jana tulibariki mashua inayoitwa Utanikoma, na wewe ulisoma bila kigugumizi."

"Ile haikuwa ya familia yangu."

"Sasa nikiikataa hii, nitasema kosa lake nini? Kwamba shemeji hakununa?"

Nikajiweka sawa kitini. Swali la namna hiyo halijibiwi.

"Msomaji ni wewe," akaendelea, akijifuta jasho shingoni. "Mimi nitabariki utakachosoma."

Alisema hivyo anipoze, najua, lakini alinipa wazo. Nikasimama nikamshukuru. Kama atabariki nitakachosoma, basi nitasoma Nyota ya Bahari. Mabaharia hawatathubutu kukaa kimya mbele ya padri, mbele ya sanamu, mbele ya mjane wa nahodha wao. Wataitika, maji yatarushwa, na jina lililobarikiwa ndilo litakalobaki. Herufi za manjano zitafutwa na bahari kwa wakati wake. Nilirudi nyumbani nikapiga pasi gauni langu la sikukuu nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Sanamu ilibebwa hadi gatini bila ajali, ingawa akina mama wa maua na vijana wa kwaya waligombania nafasi hadi kwenye ngazi. Petro akawekwa mezani na funguo zake mkononi. Kipaza sauti kilipiga kelele, kikapigwa makofi, kikanyamaza. Pembeni yangu, kwenye viti vya wazee wa bandari, alikaa nahodha mstaafu aliyewahi kuvua na mume wangu, ambaye watu wote humwita Honi. Masikio yake yameharibika kwa injini, na kwa kuwa hajisikii anaposema, husema kama meli inayoomba nafasi. Alikuwa akilalamika kwamba soda aliyopewa ni ya moto.

Nikaanza kusoma. Mashua zikapita vizuri, nadhifu, zina bendera na maua. Majina mengine yaliniudhi, lakini ni kazi. Utanikoma ikapita tena. "Tupo," wakaitika, maji yakarushwa, wakapiga ishara ya msalaba.

Ndipo ikaja ile ya samawati. Kitinda alikuwa nyuma kwenye usukani amevaa shati jeupe ambalo nililitambua. Lilikuwa la mume wangu, lilimpwaya mabegani. Mabaharia walikuwa wamesimama wima. Wala hakuna aliyekuwa anacheka, nikakiri moyoni kwamba wanapendeza.

"Nyota ya Bahari," nikasoma.

Kimya. Injini peke yake ndiyo iliyosema. Padri alikwisha kuinua mkono, akaushusha. Mabaharia walitazama mbele kana kwamba nimeita mtu wa parokia nyingine. Mashua ikapita, ikageuka, ikarudi mwisho wa foleni, na nyuma yangu watu wakaanza kunong'ona.

Nikasoma zilizobaki. Ikafika tena.

"Nyota ya Bahari," nikasema, polepole, kama ninavyomwambia mtoto aliyekosea mara ya kwanza.

Kimya. Ikapita tena. Sasa hapakuwa na mashua nyingine nyuma yake, ikawa inazunguka peke yake mbele ya gati kama kuku aliyekosa mlango. Mke wa Kitinda alikuwa mstari wa mbele, amefunika mdomo kwa kitambaa, na macho yake yalikuwa juu yangu, siyo juu ya mashua. Yule jamaa mwenye boti mpya alikuwa amekunja mikono anatazama mabaharia wa Kitinda kama mtu anayechagua maembe. Padri akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Mwalimu, jua ni kali."

"Unakosea," Honi akasema. "Siyo hilo."

"Najua kusoma," nikamjibu.

"Basi soma."

"Sitasoma matusi ya nyumba yangu mbele za watu."

"Matusi gani? Kwani mumeo hakukuambia?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, baina yangu na yeye, na hakuna aliyekizima. Niliyasikia maneno yake mara mbili, kwanza kutoka mdomoni mwake, kisha kutoka kwenye spika zilizofungwa juu ya mlingoti.

"Siku ile ulikuwa umemnunia," akasema Honi, na gati lote likasema naye. "Sijui alikalia kochi lako la wageni na nguo za samaki. Tukafika huko nje, wingu likaanza kujikunja hivi." Akakunja uso wake, midomo ikavutika chini, na watu waliokuwa karibu wakajiziba midomo kwa sababu uso ule waliutambua. "Mumeo akasema, jamani, uso huu naujua, nimeuacha nyumbani asubuhi. Shemeji wenu kanuna, tukusanye nyavu turudi. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini tukakusanya. Hatujafunga kamba vizuri hapa gatini, bahari ikachafuka kama imetukanwa. Tangu hapo ndiyo lugha yetu. Mtu akiona dalili anasema shemeji kanuna, na mashua zote zinageuza. Vijana wa siku hizi wanaambiana hata kwenye simu. Shemeji mwenyewe ni nani hawajui."

"Na hakuna aliyeniambia," nikasema.

"Alituapisha. Alisema mkimwambia nitahamia kwa Padri." Akanywa soda yake. "Kitinda ndiye aliyekuwa mdogo mle ndani. Alimwapisha kuliko wote, kwa ajili ya mdomo wake."

Watu walicheka. Padri naye alicheka, akageuka kumtazama Petro ili nisimwone.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Kugombana na mtu aliyekwisha kuzikwa ni kazi bure, na mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia. Mume wangu alikuwa mtu wa heshima. Alinunua gazeti, alivaa saa, alisoma somo la kwanza kanisani. Na mtu huyo, miaka yote, alikuwa akiutumia uso wangu kama kibao cha hali ya hewa, akautangaza kwa bandari nzima, kisha akarudi nyumbani na kuniuliza kama chai iko tayari. Mimi nami siku za mawingu nilikuwa nikisimama dirishani na rozari, na walipoingia mapema nilimshukuru Mama wa Mungu kwa kuzisikia sala zangu. Kumbe hazikuwa sala zilizowarudisha. Ulikuwa uso.

Mashua ya samawati ilikuwa inakuja tena. Niliona mabaharia wawili wakisemezana, na mmoja akatazama upande wa yule jamaa mwenye boti mpya. Kitinda hakuwatazama. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, hata siku tulipomzika kaka yake. Alikuwa anaogopa.

Nikainua kipaza sauti. "Shemeji Amenuna," nikasoma.

Kimya.

Kitinda akainua kichwa. "Kama ilivyoandikwa, shemeji," akasema. "Tafadhali."

Lugha niliyoifundisha maisha yangu yote ina kanuni zake. Lakini jua lilikuwa kali na viti vya mke wake vilikwisha kwenda.

"Shemeji Kanuna."

"Tupo," wakaitika mabaharia wa Kitinda. Na mashua zilizokwisha kupita, zilizokuwa zimejipanga kule ng'ambo zikisubiri kuondoka, nazo zikaitika. Utanikoma iliitika. Wazee kwenye viti waliitika, Honi kuliko wote. Huo haukuwa utaratibu. Kila mashua huitika jina lake na siyo la mwingine, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, lakini sikuwakatiza. Padri alirusha maji mengi kupita kiasi, mengine yakaniangukia mimi.

Kwenye chakula cha mchana, katika ukumbi wa parokia, Kitinda alikuja na sahani yake akakaa mbele yangu. Shati la kaka yake lilikuwa limelowa mgongoni. Mke wake alikuwa meza ya tatu akizungumza na kila mtu kwa wakati mmoja.

"Umenuna, shemeji?" akaniuliza.

"Sitajibu swali hilo."

"Siulizi kwa ubaya. Kesho tunatoka mara ya kwanza. Mabaharia wanataka kujua."

"Mabaharia watazame mbingu."

"Mbingu watazitazama," akasema, akichukua kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yangu bila kuomba, kama alivyofanya tangu siku za sanduku la bati. "Lakini wanasema bora kuanzia kwenye chanzo."

Alfajiri iliyofuata nilitoka barazani kwangu, kama kawaida yangu, na kikombe cha chai na kitabu cha sala. Hewa ilikuwa shwari. Nilikuwa sijafungua hata ukurasa niliposikia nyayo nje ya ua, zikasimama. Juu ya ukuta wangu vikatokeza vichwa vya watu wazima wenye wake na watoto, wamebeba nyavu na dumu la mafuta, wakanitazama usoni kwa makini kama watu wanaosoma tangazo.

"Shikamoo, shemeji," wakasema.

Hata mashemeji zangu si wao.

Sikujua niuweke uso wangu vipi. Nikicheka, nitakuwa nimekubali mchezo. Nikikaa kama nilivyo, hawaendi baharini, na mke wa Kitinda atakuja hapa kabla ya saa ya misa kuniuliza kwa nini nimemnyima viti. Nikasimama na chai yangu, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

"Kafunga mlango," nikamsikia mmoja akisema huko nje. "Hiyo sasa maana yake nini?"

Nikasikia dumu la mafuta likitua chini.

"Upepo kidogo asubuhi," ikasema sauti ya Kitinda. "Mchana utatulia. Twendeni."